Ufukwe Nisioutaja

Kwa Dada Skolastika,
Mahongole, Makambako.

Dada, shikamoo. Kamwene kwa wote hapo nyumbani.

Nianze na mama. Ule mguu umeacha kuvimba, au bado anauficha chini ya kanga akiulizwa? Na wewe kifua chako kinaendeleaje? Najua miezi hii baridi ya huko inauma na kuni zenyewe ni mbichi, kwa hiyo usinijibu tu kwamba mko salama. Niambie kama mama analivaa lile koti la sufu au amelifungia sandukuni linangoja Krismasi. Parachichi nimesikia mmeshachuma, na kwamba safari hii gari la mnunuzi lilifika kabla hayajaanza kulainika. Hilo limenifurahisha.

Sisi huku Ayalandi ni wazima. Wifi yako Tumaini bado ni muuguzi hospitali ile ile, wodi ya wazee, na wazee wanamgombea kwa sababu anawaacha wamalize kusema. Binti yetu anaongea lafudhi ya huku ambayo mimi baba yake hulazimika kumwomba arudie. Kazi yangu ni gazeti la wilaya, linatoka mara moja kwa wiki: mazishi, minada ya kondoo, mashimo ya barabarani. Sioni tofauti kubwa na nilichokuwa nafanya redioni Njombe, isipokuwa mashimo ya huku yamejaa maji mwaka mzima.

Barua hii nampa sista mmoja wa misheni ya kwetu anayerudi likizo. Ningeweza kupiga simu, lakini kwenye simu ungenikatiza, na mimi ningepunguza mambo. Nina jambo la aibu na nina ombi. Nitaeleza kwa mpangilio, kama habari, halafu uamue.

Mwaka jana nilianza mchezo wa watu wa pwani ya huku. Mtu analala kifudifudi juu ya ubao mrefu kuliko yeye, anapiga maji kwa mikono mpaka apite pale mawimbi yanapovunjikia, anageuka na kungoja. Wimbi likimbeba, anasimama kwa miguu na kuteleza nalo hadi karibu na mchanga. Kisha anarudi kuanza upya. Nakuona umekunja uso. Mimi ambaye maji mengi niliyowahi kuyaona utotoni ni Ziwa Nyasa, tena kwa mbali, kutoka mlimani, siku tulipompeleka mama mdogo Ludewa. Lakini Tumaini alinilazimisha nijifunze kuogelea kwenye bwawa la mji, alisema hawezi kuishi kando ya bahari na mume anayezama kama jiwe la kusagia. Baada ya bwawa, bahari yenyewe ikaanza kuniita.

Aliyenifundisha ni mwanamke wa umri wa mama, jina lake Nora. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, sasa amestaafu, na nyonga yake moja ni ya chuma. Nilikwenda kumhoji juu ya shule yake ya zamani, nikamkuta anafunga ubao juu ya gari.

"Unaogopa baridi?" akaniuliza.

"Natoka Njombe," nikasema, kana kwamba anapajua.

"Hilo si jibu."

Nikamweleza kwamba kwetu kuna asubuhi ambapo umande umegandia kwenye majani ya viazi, na watoto wanakwenda shule wakiukanyaga.

"Basi njoo," akasema. "Ukitaka kulia, lia polepole. Kondoo wa watu wamelala."

Nilishindwa kumwita jina tupu mtu mzima kama yule, nikawa namwita Mama Nora. Alicheka, akasema hajazaa hata mmoja. Nikaendelea kumwita hivyo, na siku nilipojisahau nikamwita Nora tu, akauliza kama amenikosea.

Ufukwe wenyewe sitakutajia jina, ingawa huwezi kuja na huna wa kumwambia. Ni mchanga mtupu, hakuna mwamba wala jiwe. Mawimbi yanaingia kwa mstari, yanavunjika taratibu, na ukianguka unaangukia mchanga. Hakuna hoteli, hakuna duka, hakuna hata choo. Njia ya kufika inakatiza malisho ya mzee mmoja mfugaji, Dan, kupitia geti lake. Si njia ya umma. Dan aliwaruhusu Nora na rafiki zake wawili wa rika lake miaka mingi iliyopita kwa sharti moja, kwamba kila anayepita afunge geti nyuma yake. Njia nyingine ni ya kuruka mawe makubwa yaliyo kando ya ufukwe, na kwa nyonga ile Nora hawezi kuipita.

Siku niliyosimama kwenye ubao kwa mara ya kwanza nilipata hisia niliyoipata tukiteremka mlima kwa baiskeli ya kaka isiyo na breki, wewe ukiwa nyuma unanishika shati. Nilifika karibu na mchanga bado nimesimama. Nora alikuwa pembeni, maji yakiwa kifuani.

"Umesimama kama mtu anayengoja basi," akasema. "Lakini umesimama."

Sasa nafika kwenye kosa.

Wiki moja habari zilikuwa chache na mhariri wangu akataka kitu cha baharini cha kujaza ukurasa wa katikati. Nikamwomba Nora ruhusa niandike juu yao, wanawake wazee wanaopanda mawimbi asubuhi. Alifikiri kidogo, akakubali.

"Andika mawimbi. Andika na sisi ukitaka, andika hata nyonga yangu. Mahali usiandike."

Nikamwambia sawa.

Na jina sikuliandika, Dada. Niliandika geti jekundu. Niliandika kanisa dogo lisilo na paa unaloliona mkono wa kushoto kabla ya geti, kituo cha mafuta chenye pampu moja pale unapoacha barabara kuu, na kisiwa kilichokaa baharini kama ng'ombe aliyelala. Marehemu mhariri wangu wa kwanza pale Njombe alikuwa akikurudishia habari yoyote isiyo na mahali, na mkono wangu umezoea hivyo. Lakini sitaki kujificha nyuma ya marehemu. Nilipoisoma kabla ya kuituma niliona kabisa kwamba mtu mwenye gari na ramani angefika. Niliona pia kwamba ndiyo makala nzuri kuliko zote nilizoandika tangu nije huku. Nikaituma.

Jumamosi iliyofuata walikuja. Wiki iliyofuata walikuja zaidi, na magari yale yenye vitanda ndani, wakaegesha kwenye malisho na kuwasha moto. Mmoja aliacha geti wazi. Kondoo wa Dan walitoka hadi barabara kuu, na jike mmoja mwenye mimba akagongwa na lori. Dan hakumtukana mtu. Alikwenda mjini akanunua mnyororo na kufuli.

Mimi nilizijua habari hizi nilipokwenda na ubao wangu nikakuta geti limefungwa. Nilipokuwa narudi nikapita dukani mjini, na pale kwenye mboga nikamwona Nora. Ilikuwa asubuhi, upepo unatoka nchi kavu, mawimbi yamepangika vizuri kabisa, saa ambayo kwa kawaida nywele zake zingekuwa zimelowa chumvi. Alikuwa amevaa viatu vya kanisani na anachagua vitunguu. Aliniona. Akasema, "Habari za asubuhi," kama mtu anavyomsalimu karani wa benki, akarudi kwenye vitunguu vyake.

Nimewahoji mawaziri, Dada. Nimewahi kusimama mbele ya mtu aliyetaka kunipiga nikamwuliza swali lililofuata. Siku ile niliacha kikapu sakafuni na kutoka nje bila kununua kitu.

Kisha nikafanya kosa la pili, na hili ni la mwandishi tu, mtu mwingine asingelifanya. Kwetu gazetini mtu akikosea, anachapisha masahihisho. Nikamshika mhariri mpaka akakubali, nikaandika tangazo la heshima: kwamba tunawaomba radhi wenyeji, na tunawasihi wasomaji wasiende kwenye ufukwe uliotajwa, ulio nyuma ya geti jekundu karibu na kanisa lisilo na paa, kwa kuwa ni malisho ya mtu. Likatoka ukurasa wa pili, ndani ya kisanduku. Jumamosi ile magari yalikuwa mengi kuliko yote. Wengine waliruka geti.

Nikaenda kwa Nora, peke yangu, na gazeti mkononi nimwoneshe. Sijui nilitegemea nini. Alinifungulia mlango, hakunikaribisha ndani. Alisoma tangazo lote akiwa amesimama.

"Kumbe," akasema. "Waliokosa lile la kwanza wasome hili."

"Nilitaka kurekebisha, Mama Nora."

"Najua. Umerekebisha vizuri sana. Hata kijiji cha pili wamejua."

Nikabaki nimesimama mvua ikininyeshea. Na pale mlangoni nikakumbuka kwamba kwetu hakuna mtu anayekwenda hivi. Unakumbuka ng'ombe wa ng'ambo ya mto walipoingia kwenye mahindi ya baba. Mwenye ng'ombe hakuja na mdomo wake. Alikuja mjomba wake, yeye akiwa nyuma, ameshika kuku. Wakakaa kwenye benchi la nje mpaka baba alipomaliza kula, na hakula haraka. Mjomba ndiye aliyesema yote, akamsema mpwa wake mbele yetu vikali kuliko baba mwenyewe angethubutu. Mwenye ng'ombe aliangalia viatu vyake tu. Mimi nilikuja bila mkubwa, na badala ya kuku nikashika gazeti lililofanya kosa.

Nikamweleza Nora hilo.

"Na mwenye kosa hasemi kitu?" akauliza.

"Hasemi."

"Ningependa kumwona mwandishi wa habari katika hali hiyo." Hakutabasamu, lakini aliacha kushika mlango. "Ila mimi sikufunga geti. Aliyefunga ni Dan. Huyo mkubwa wako, mpeleke kwa Dan."

"Mkubwa wangu ni dada yangu. Yuko Makambako."

"Huko hawana simu?"

"Wanazo."

"Anajua nini juu ya mashamba?"

Nikamwambia jinsi vijana wa bodaboda walivyogeuza miche yako ya parachichi kuwa njia ya mkato, na jinsi ulivyoweka miti ya miiba pande zote mbili, ukakaa kwenye kigoda katikati na jembe mapajani mpaka wakazoea kuzunguka. Hapo ndipo Nora alipocheka.

"Huyo, Dan atamsikiliza," akasema.

Ombi langu ndilo hilo. Ukishapata barua hii nitumie ujumbe, na Jumapili inayofuata, ukitoka misa na ukishakula, nitakupigia simu ya video. Mwombe mtoto wa shemeji yako akuwekee salio na asimame karibu asiiguse. Nora atakuwa amemwalika Dan chai. Sema Kiswahili, au Kibena kama kitakutoka vizuri zaidi, nitatafsiri. Anza na kondoo. Mpe pole ya kondoo kwanza, kabla ya mimi, maana mpaka leo hakuna aliyempa. Usiseme sikujua. Nilijua, na niliambiwa mapema. Usiniombee mimi ruhusa ya kupita. Ubao wangu nimeufungia stoo, na utakaa huko. Mwombee Nora peke yake, yeye na rafiki zake wawili, wapewe ufunguo. Dan akikataa, usimbembeleze. Mshukuru kwa kukusikiliza, tuishie hapo.

Habari ya kuku haitawezekana. Tumaini anasema nikionekana barabarani na kuku hai watu wataita daktari wa mifugo. Nora ameniambia nipeleke mfuko wa chakula cha kondoo na niuweke nje ya mlango nisiuzungumzie.

Nisalimie mama, na umwambie habari ya mchezo lakini si ya kina cha maji. Msalimie kaka anayepasua mbao Njombe, na mama mdogo wa Ludewa akipanda kuja huko kwenu. Shemeji mumeo namsalimu kwa heshima, pia katekista jirani yenu aliyenifundisha kusoma kwa sauti. Wifi yako anakuamkia, na binti yetu anamwamkia shangazi yake.

Siku hiyo ukifika mahali pa kunisema, Dada, nakuomba usinihurumie kwa kuwa niko mbali. Sema kama yule mjomba alivyosema. Nitatafsiri kila neno jinsi lilivyotoka, bila kuongeza wala kupunguza, halafu nitanyamaza na kuangalia viatu vyangu.

Mdogo wako,
Kastori