Sura Tatu za Mwisho

Mutomo, Kitui
9 Februari 2025

Kwako Baba,

Pokea salamu zangu na za watu wote wa boma hili. Sisi hatujambo, kwa kadiri ya mtu anayelala kitandani mchana jua likiwaka. Na wewe je, goti linasemaje? Ndengu umemaliza kupura ama ziko tu pale uani zinakungojea?

Nakuandikia kwa sababu simu hapa inakatika kabla hata hatujamaliza kusalimiana. Ujumbe nao unafika ukijisikia, pengine kesho yake, lakini unafika.

Baba, daktari ameniambia nisitoke kitandani mpaka wakati wangu ufike. Naenda choo, narudi, nalala. Kwa nini, hayo shangazi Ndila atakueleza. Nikikueleza mimi nitaona haya, na wewe utaona haya kunishinda. Unajua tu kwamba mara mbili tumezika na mimi na wewe hatukuwahi kuliongea. Hii ya tatu imefika mbali kuliko hizo, na ndiyo maana naogopa hata kukohoa.

Jonah yuko kazini Kitui mjini, anakuja Jumamosi jioni na Jumapili anarudi. Mama yake, Kasiva, ananitunza vizuri sana, siwezi kusema uongo. Lakini yeye ni shemasi, na dawa zake ni mbili: maombi na uji. Akitoka nje nabaki naangalia mabati nikiwaza. Nikimaliza kuwaza upande huu nageuka upande wa pili nawaza tena.

Nasikia mtandaoni kuna vitabu vya hadithi vya bure, vya kila aina. Hapa kwetu ukurasa haufunguki. Wewe ndiye ulikuwa unashika kabati la vitabu pale shuleni miaka yote hiyo, kwa hivyo nitafutie. Upelelezi, mapenzi, hata mizimu. Chochote cha kunitoa kwenye hiki kichwa changu.

Ni mimi mwanao,
Nthenya

*

Kathonzweni
14 Februari 2025

Kwako Mwaitu, yaani mama, wewe uliyebeba jina la mama yangu,

Habari za tangu siku ile? Mimi ni mzima, goti ni lile lile, ndengu zimepurwa na sasa zinanitazama zikitaka kupepetwa. Zitangoja, niko na kazi ya mtu mkubwa.

Pasta alitupa sisi wazee wa kanisa nywila ya Wi-Fi ili tufuatilie mahubiri. Sasa kila siku baada ya chai nakaa kwenye benchi ukutani mwa kanisa, nasaka vitabu vya mapenzi. Mungu ananiona, na mzee mwenzangu Kilonzo pia ananiona. Siku ya kwanza nilibonyeza kitufe kikubwa cha kijani kilichoandikwa pakua bure. Simu ikaanza kulia kwamba imeingiliwa na virusi. Kabla sijaizima akatokea msichana aliyevaa kidogo sana, akaniuliza kama niko peke yangu. Kilonzo alikuwa kando yangu na Biblia yake. Akaniambia, "Mwalimu, hiyo ni sura ya ngapi?" Tangu hapo sibonyezi kitu cha kijani.

Lakini mtafuta hachoki. Nimepata pahali wanapoweka vitabu vya zamani ambavyo wenye haki walishakufa, sheria inaruhusu. Nimepata tena pahali vijana wetu wa hapa Kenya wanaweka hadithi zao mtu asome bila kulipa. Ni bure ya halali, si bure ya wizi. Ningekuletea vya wizi ningekuwa nimekulea bure.

Nimekutafutia vitatu. Cha upelelezi kina askari mmoja mvivu anayetafuta aliyeiba kengele ya shule, utacheka. Cha mizimu ni nyumba moja ambayo mlango wake unahama. Cha mapenzi nitakutumia kesho, nimalizie kukisoma. Vyote nasoma kwanza mpaka mwisho. Sikuwahi kumpa mwanafunzi kitabu ambacho sijui kinaishia wapi, sitaanza na wewe.

Ndila ameniambia. Sitasema zaidi, wewe mwenyewe unajua nthoni, baba na binti hawaongei mambo ya uzazi. Wewe niambie tu umefika ukurasa wa ngapi. Nikijua unasoma, nitajua umelala ulivyoambiwa.

Baba yako

*

Mutomo
2 Machi 2025

Baba mpendwa,

Salamu nyingi, na Kasiva anakusalimu, ingawa mna kesi na yeye nitakwambia. Sisi tuko salama. Usiku nalala kidogo, mchana nasoma, na nimefika ukurasa wa mwisho wa kila kitu ulichotuma.

Yule askari mvivu nimempenda. Nilicheka mpaka nikaogopa, nikajishika tumbo, nikaacha kucheka. Siku hizi hata furaha naipima.

Kesi ni hii. Kasiva aliona picha ya ile nyumba ya mizimu kwenye simu yangu. Akasema nyumba yenye mja mzito haiingizwi mambo hayo, akaifuta yeye mwenyewe, kisha akaiombea simu. Nilimwacha. Lakini ile ya mapenzi nilipoanza kumsomea kwa sauti, alileta ungo karibu na mlango akajifanya anapepeta. Siku ya tatu akaacha kujifanya. Aliingia na kiti.

Sasa tatizo. Yule bibi harusi amefika kwa mumewe, amepata mimba, mvua imeanza kunyesha, mto umejaa, na hapo kitabu kimekatika. Hakuna tena. Kasiva ananiuliza kila asubuhi kama baba yangu ametuma hiyo ingine. Tuma mwisho, Baba, hata sisi wawili tumekuwa kama watoto wa darasa la pili.

Ni mimi,
Nthenya wako

*

Kathonzweni
6 Machi 2025

Kwako Mwaitu,

Natumaini barua hii inakukuta ukiwa umelala na miguu juu ya mto. Mimi sijambo. Mawingu yanakuja yanarudi, hayajaamua.

Kuhusu kile kitabu, pole. Ile ya bure inaishia hapo. Nafikiri mwandishi amebana zile sura zingine aziuze, na yeye lazima ale. Mwambie mama mkwe mtunge mwisho wenu. Mimi wa kwangu nimeutunga: mto ulipungua, wakavuka, wakafika hospitali, wakarudi na mtoto mnene. Huo unatosha kabisa.

Nakutumia kingine, cha mambo ya anga. Watu wamehamia mwezini na wanagombania maji. Kuna mwenyekiti, kuna kamati, kuna mtu amekula pesa ya mabomba. Nilidhani nasoma habari za mradi wetu wa maji hapa Kathonzweni. Hakuna mahali pa kuhuzunisha ndani yake, nimeangalia mara mbili.

Kula. Lala. Niambie ukurasa.

Baba yako

*

Mutomo
16 Machi 2025

Baba,

Shikamoo. Natumaini u mzima.

Jonah alikuja jana. Jumamosi iliyotangulia nilikuwa nimemwambia habari za kitabu chetu, naye akakitafuta huko mjini atushangaze. Kiko pale pale ulipokitoa, na ni bure chote, mpaka mwisho. Zilikuwa zimebaki sura tatu.

Tulisoma leo mchana baada ya kanisa, mimi na Kasiva. Mto haukupungua. Walichelewa kuvuka. Mtoto alizaliwa kando ya maji na hakulia. Nilikuwa nasoma kwa sauti na sikuweza kusimama, nikasoma mpaka wanapomfunga leso. Kasiva aliinuka akatoka, akakaa nje muda mrefu, akarudi akanifunika blanketi.

Baba, si kitabu kilichonitisha. Hadithi ni hadithi. Wewe ndiye umenitisha. Hujawahi kunidanganya hata nilipokuwa mtoto, hata mama alipokuwa anakufa uliniambia ukweli nikiwa nimesimama pale jikoni. Sasa unakata kitabu unanificha. Kwani shangazi Ndila alikuambia nini? Daktari aliongea naye na Jonah pembeni siku ile ya hospitali, niliwaona. Kama kuna kitu mnachojua nyinyi wote isipokuwa mimi, niambie. Nimelala hapa nahesabu pumzi zangu.

Usinitumie kitabu kingine.

Nthenya

*

Kathonzweni
17 Machi 2025

Mwaitu wangu,

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, nikatafuta pa kukaa.

Sikiza. Ndila hajaniambia kitu ambacho wewe hujui. Nimempigia sasa hivi nikamuuliza kwa ukali, na ameapa kwamba daktari aliwaambia wakuzuie kubeba maji, basi. Hakuna siri. Siri ilikuwa ni uoga wangu mimi.

Nilifika zile sura tatu pale kwenye benchi la kanisa. Nilipofika kwenye leso nilifunga simu nikaenda nyumbani bila hata kumuaga Kilonzo. Kesho yake nikaenda saiba, kwa Kathini mwenye duka la kompyuta, nikamwambia azikate. Aliniuliza mara mbili kama nina uhakika, kwa sababu watu humletea vitabu aunganishe, si akate. Nikasema kata. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye, na mimi nimekichelea kilio chako, leo tunalia wote. Sikuwa na njia ya kukulinda na kitu kingine chochote huko mbali, nikaona angalau hili naliweza. Nisamehe.

Sasa nitavunja nthoni, na mama yangu huko aliko anielewe. Nimechoka kukuuliza ukurasa. Mtoto anacheza? Anacheza saa ngapi, asubuhi ama jioni? Damu imerudi tena? Daktari anasema utajifungua kawaida ama kwa kisu? Ukisikia uchungu, ni gari ya nani itakuchukua, na imeshaambiwa?

Haya ni maswali ya mama yako. Angekuwa hai angekuuliza hata kabla ya salamu. Tulimzika, na nikafikiri maswali yake tumeyazika pia, kumbe yamebaki kwangu na yananiumiza kifuani. Nijibu, hata neno moja.

Baba yako

*

Kathonzweni
21 Machi 2025

Nthenya,

Salamu. Ujumbe wangu wa Jumatatu umeonyesha alama moja tu mpaka leo. Jonah hashiki simu. Ya Kasiva wanasema mteja hapatikani. Ndila naye hajasikia kitu, anasema ningoje, mtandao wa huko ni wa huko.

Kama umenikasirikia, kasirika, lakini niambie kwamba umekasirika. Hapo nitalala.

Baba

*

Kathonzweni
24 Machi 2025

Mwanangu,

Mvua imenyesha leo, ya kwanza. Watu wote wako shambani. Mimi niko kwenye benchi la kanisa na simu mkononi, na Kilonzo amekuja kukaa na mimi.

Andika.

Baba

*

Kitui mjini
26 Machi 2025

Baba yangu,

Salamu kutoka wodini. Nisamehe kwa kukuweka hivyo. Simu yangu ilibaki Mutomo chini ya mto wa kitanda, Jonah ameniletea leo, na barua zako zote zimeingia pamoja. Alisema aliona umepiga na hakushika kwa sababu hakujua atakwambia nini. Nimemgombeza. Kisha nikaona hata mimi nisingejua.

Damu ilirudi ile Jumatatu uliyoandika. Kasiva ndiye alisimamisha gari ya mbuzi barabarani, akawashusha mbuzi wa watu na mikono yake, tukaja. Walinipasua jioni. Ni mvulana. Alikuja kabla ya wakati wake, ni mdogo sana, anatosha kwenye viganja viwili vya Jonah na mahali panabaki. Yuko kwenye mashine ya joto na mrija puani. Mimi naendelea vizuri, nashonwa na kufunguliwa kama gunia lakini naendelea.

Uliuliza kama anacheza. Anacheza. Leo asubuhi alisukuma kitambaa kwa mguu, mara moja, halafu akachoka.

Jina bado. Kasiva anasema mtoto haitwi jina mpaka atoke kwenye hiyo mashine, na nimeona anaogopa, nikamwachia. Kwenye kitanda chake wameandika Mtoto wa Nthenya. Daktari nimemuuliza kila akipita. Hanipi ahadi yoyote. Anasema tuchukue siku moja halafu nyingine. Hii, Baba, hakuna mtu wa kutukatia mwisho.

Nesi ametuambia tuongee naye, anasikia. Jonah akikaribia anakosa sauti. Kasiva anaomba kwa nguvu mpaka anaambiwa apunguze. Mimi nikianza nalia, na sitaki mtoto ajue dunia kwa kilio changu. Wewe una sauti ya kusomea darasa zima bila kupaza, na una hadithi zote hizo kwenye simu.

Najua utasema ni nthoni, mwanamume haingii wodi ya uzazi ya binti yake. Ulishaivunja kwa barua, malizia kwa miguu. Hapa wanaruhusu baba wa mtoto na nyanya mmoja wa kila upande, wengine wanakaa nje. Upande wa Jonah wameandika Kasiva. Upande wa mama nimeandika jina lako. Nesi alilisoma, akaniangalia, akaniuliza kama sijakosea. Nikamwambia sijakosea, akaliacha.

Wanafungua mlango saa nane mchana.

Mwanao,
Nthenya