Nabii Hana Mtani

Pongwe,
Tanga.
Jumatatu, 23 Juni 2025

Mpendwa kaka Ernesti,

Shikamoo kaka. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi Bertha na watoto, na kwamba baridi ya Mbeya haijakurudishia yale maumivu ya goti. Hapa kwetu mvua zimepungua na muhogo umetoka vizuri. Mimi presha yangu inapanda na kushuka inavyotaka yenyewe. Mama bado yuko kitandani, anakunywa uji kidogo, na akisikia mlango umegongwa anauliza kama ni wewe.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ninayo. Simu sasa naiogopa kaka, ukisoma mpaka chini utaelewa.

Nataka nikueleze habari za Queen. Mama alipokwambia mjukuu wake amekuwa bubu, ulidhani ni maneno ya mgonjwa. Siyo. Wamemnyamazisha mwanangu, na mimi nilikuwepo nikitazama.

Unamjua Queen alivyo, hapiti mtu asimuigize. Si ulicheka mpaka ukatoka nje siku ile alipoigiza unavyokohoa kabla ya kuomba ugali wa pili? Tangu mwaka jana alikuwa akijirekodi na kuweka mtandaoni, watu wakampenda. Mzee Gulamabbas, aliyemwajiri kwenye duka lake la vifaa vya ujenzi, alimwachia hata ajirekodie pale barazani, maana wateja walikuwa wanakuja kumwona na wanaondoka na misumari.

Sasa turudi kwenye msiba wa shangazi Jenifa, ule ambao wewe ulikosa nauli ya kuja. Hatukukwambia kila kitu. Mdogo wetu Leticia, ambaye shangazi alimlea kwa mikono yake, alisimama ng'ambo ya barabara na gauni jeupe mpaka jeneza likatoka. Hakuingia, hakulia, hakugusa hata maji. Ni hilo kanisa lake, Hema la Wingu. Nabii Yona amewakataza kuzika ndugu walio nje ya Hema na kula chakula cha msibani, anasema kina mikosi. Watu wameachana na wazazi wao hapa Pongwe kwa ajili ya mtu huyo.

Queen alimpenda shangazi sana. Wiki ile ile akajifunga shuka la kitandani, akavaa tai ya baba yake juu ya shuka, akawa nabii mmoja anayeitwa Makorokocho. Nabii anapiga kelele kwamba pilau la msiba ni laana, huku mkono wa pili unatumbukiza minofu mfukoni, mpaka mchuzi unamchuruzika miguuni na yeye anasema ni upako unashuka. Jina la Yona halikutajwa, wala la Hema. Lakini ile leso ya kujifuta jasho, na ile "pokea, pokea, pokea" ya kukoroma, kila mtu alijua. Nilicheka kaka, sikatai. Madereva wa malori kule mpakani Horohoro walikuwa wanatumiana.

Ikaja barua ya mwanasheria wao kutoka Dar. Queen afute kila kitu, aombe radhi hadharani, la sivyo polisi na mahakama, amemkashifu mtumishi wa Mungu mtandaoni. Mzee Gulamabbas naye akaandikiwa kwa sababu ya baraza lake. Alimwita Queen kwa upole, akamwambia biashara yake ni ndogo na yeye ni mtu mzima, hawezi kesi. Kazi ikaishia hapo, na sikuweza kumlaumu.

Tukaenda kwa wakili wa msaada wa kisheria pale mjini, dada mmoja makini sana, anaitwa Mariya. Akatutuliza. Akasema mtu yeyote wa familia asiende kwao, asijibu, asimtaje huyo nabii. Makorokocho ni mtu wa kubuni, kama wanasema ni Yona basi wathibitishe wao. Tulirudi nyumbani tukala vizuri siku ile.

Baba Queen hakutulia. Unamjua shemeji yako, kwake hakuna ugomvi usioisha kwa utani. Alishapata habari kwamba Yona ni Mzigua wa Handeni, na sisi Wasambaa. Tangu lini Mzigua akamshtaki Msambaa kwa kutaniwa? Kwenye mazishi ya mama mkwe wangu si uliona mtani Mzigua alivyolala ndani ya kaburi akakataa kutoka mpaka apewe jogoo, na tukacheka huku tunalia? Baba Queen ameishi kwa hayo. Kwa hiyo akapiga pasi shati la kanisani, akaenda zake Hema bila kuniambia.

Alipofika ofisini kwao akaanza kama mtani anavyoanza popote: nimemfuata mtumwa wangu Yona, yuko wapi, mbona hajaja kunichotea maji. Wakamkaribisha kiti. Wakamwuliza kwa adabu kama yule wa kwenye video ni Nabii. Akasema ndiyo, ni yeye hasa, binti yangu anamtania kwa haki yake, nyinyi hamjui mila? Walikuwa wanatabasamu, na simu iko mezani inamrekodi. Mwishoni mwanasheria akamwambia Nabii hana kabila, kwa hiyo hana mtani.

Barua ya pili ilikuja na maneno yake mwenyewe. Baba mzazi amekiri kwamba anayedhihakiwa ni Nabii. Tena amemwita Nabii mtumwa mbele ya mashahidi. Mariya alipoisoma alivua miwani. Alisema bado tunaweza kushindana, lakini itakuwa Dar, itachukua miaka, na polisi wanaweza kumwita Queen wakati wowote. Baba Queen alikaa pale kwenye benchi anasema aliwaendea kama ndugu. Tangu siku hiyo amezeeka, hata redio hafungulii.

Queen mwenyewe ndiye aliyesema yaishe. Jumapili iliyofuata tukampeleka Hema. Walimpigisha magoti jukwaani, akasoma karatasi waliyomwandikia, kamera mbili zinamwelekea. Mtu mmoja nyuma akacheka, bila ubaya nadhani, ni sura tu ya Queen watu wameizoea kwa kuchekesha. Mwanasheria akasema haikukaa vizuri, arudie. Akarudia kaka, mtoto wa miaka ishirini na mbili, kutoka mwanzo. Na aliyemshikia kipaza sauti ni Leticia. Nilimtazama mdogo wetu usoni nikitafuta hata haya, sikuiona.

Video hiyo sasa iko kwenye ukurasa wao na watu wanaandika amina chini yake. Zile za Queen zote zimefutwa, hata ile ya kukohoa kwako ambayo haikuwa na nabii yeyote.

Sasa nikwambie lililonifanya nishike kalamu. Juzi Mama aliamka na nguvu kidogo. Akamwita Queen, akamwambia, mjukuu wangu, wewe ndiye mtani wangu, na siku nikifa utanivalia khanga zangu uwaonyeshe watu nilivyokuwa natembea na kugomba. Mimi sitakuwepo kuona. Nionyeshe leo nicheke. Nikamwekea mwanangu khanga mikononi. Queen akatutazama mikono, mmoja mmoja, mimi na baba yake. Akauliza nani ana simu. Tukamwambia hakuna. Akaikunja khanga vizuri, akaiweka miguuni kwa bibi yake, akatoka nje.

Sikuombi uje, najua hali ya huko. Wala usimwambie Queen awe jasiri, ameshaambiwa na wengi na yeye ndiye aliyepiga magoti. Sijui ninachokuomba. Nilitaka tu mtu mwingine wa nyumba hii ajue, maana mimi sioni haya yatageuka vipi.

Msalimie wifi Bertha, na watoto wote uwabusu kwa niaba yangu. Baba Queen anakusalimu, ingawa hakuniagiza. Mungu akulinde huko uliko, akuepushe na watu wanaomtumia Yeye kama fimbo.

Mama naye anakusalimu sana. Hajakubali khanga ile iondolewe pale miguuni. Kila asubuhi ananiuliza kama Queen yuko tayari.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Elizabeti