Kiti cha Mama Hakikunjiki

Kaka, nimemkosesha mama mazishi ya dada yake. Mimi, kwa mikono yangu hii.

Si unajua kiti chake cha magurudumu kilivyokuwa kikiyumba? Jana nikakata vyuma vipya, nikavichomelea chini ya kiti, nikajisifu mtaa mzima.

Leo teksi imekuja, kiti hakikunjiki! Hakikunjiki, kaka! Nimekifunga palepale kinapokunjwa. Kwenye buti hakiingii.

Nikamwambia mama nitambeba. Akasema, "Nibebwe kama mtoto mchanga mbele ya kaburi la dada yangu? Niache."

Teksi ikaondoka. Heri angenitukana! Kanishika mkono tu: "Lakini hakiyumbi tena, mwanangu."

Sasa hivi nimevikata vile vyuma. Kinakunjika vizuri kabisa. Kule wameshazika.