Anwani Moja ya Nyumba Yetu

Ndugu yangu Kiprono,

Uliondoka na laptopu yako na koti zuri la Baba, lakini rauta, kile kisanduku cha intaneti, uliiacha ukutani juu ya kabati la vyombo, na taa zake bado zinawaka. Mama huipangusa vumbi kila Jumamosi akisema hiyo ni kazi ya mikono yako. Mimi nikipita hapo huangalia chini.

Unakumbuka siku ulipoileta? Ulikuwa umeanza kazi ya kufunga mitambo ya intaneti Bomet, nami nilikuwa nimemaliza kidato cha nne. Tulikuwa kwenye foleni ya kupima majani chai, mvua ikitunyeshea, nikakuuliza jambo ambalo nilikuwa nimeogopa kumuuliza mwalimu wangu. Inawezekanaje simu ya Mama, yangu na kompyuta yako zitumie laini moja, na majibu yasichanganyike? Hukunicheka. Ulinionyesha mifuko miwili iliyokuwa miguuni petu, mmoja ukiwa wetu na mwingine wa Kogo, nyanya yetu, ambaye huuza majani yake kwa namba ya Baba kwa sababu hana yake.

"Kiwanda hakimjui Kogo," ulisema. "Kinajua namba moja tu. Lakini Baba anajua mfuko upi ni wa nani, na malipo yakija anampelekea mwenyewe."

Ndivyo rauta inavyofanya, ukanieleza. Kila kifaa cha nyumbani kina anwani ya ndani isiyovuka ua, na hata majirani wetu hapa Mogogosiek wanaweza kuwa na anwani hizo hizo bila kugongana. Simu ikiomba kitu nje, rauta huondoa anwani ya simu na kuweka yake, kisha inatia namba ya kuikumbusha ni nani aliyeomba. Jibu likirudi, huisoma namba hiyo na kulipeleka kwa mwenyewe. Mazungumzo yakiisha, inasahau. Kule nje wote tunaonekana kama mtu mmoja.

Nilirudi nyumbani na mfuko mtupu begani, nikiwa najua nitakachosomea. Nilikuambia wewe peke yako. Ukasema, "Basi siku moja utakuwa bosi wangu, Chelangat." Sikulala vizuri kwa furaha.

Halafu mtu akaandika kwenye tovuti ya shule yetu, pale wazazi hutoa maoni, kwamba naibu mwalimu mkuu anaiba chakula cha wanafunzi, akaongeza matusi kuhusu mke wake. Hakuweka jina. Wiki hiyo hiyo mimi nilikuwa nimeandika hapo kuulizia cheti changu cha kumaliza shule, na jina langu nikaliweka. Mwalimu wa kompyuta akalinganisha anwani za intaneti zilikotoka jumbe hizo mbili, akakuta ni moja. Kwao anwani moja ilikuwa mtu mmoja.

Tulipoitwa shuleni, Baba aliketi kando yangu ofisini, kofia magotini. Unajua mbele ya watu wazima sauti yangu hubaki kooni. Hata hivyo nilijaribu. Nilisema, "Mwalimu, hiyo ni anwani ya nyumba nzima."

Naibu akaniangalia. "Kwa hivyo ni nyumba imenitusi?"

Walimu walicheka, na Baba pia akatabasamu kidogo, vile watu hutabasamu wakitaka mambo yaishe. Wakasema niombe msamaha mbele ya wanafunzi wote, la sivyo cheti kibaki ofisini. Bila cheti, chuo hakingenipokea.

Jioni nilikufuata shambani, katikati ya michai. Nilitaka uje shuleni uwaeleze kuhusu rauta, kwa kuwa wewe wangekusikiliza. Ulichuma majani ambayo hata hukuyatia kikapuni. Kisha ukasema ni wewe uliyeandika. Naibu alikufukuza mwaka wako wa mwisho na uchungu haukuwahi kukutoka. Nilishusha pumzi. Nilidhani sasa yameisha, kwa sababu nilijua utasema.

"Wewe umeshamaliza shule, watakufanya nini?" uliniambia. "Mimi nikitajwa, kazi imeenda. Omba tu msamaha."

Niliomba. Nilisimama paredi nikasoma maneno niliyoandikiwa, na msichana mmoja wa kidato cha tatu akamwambia mwenzake kwa sauti, "Kumbe huyu mkimya ana mdomo." Kanisani Mama alihama kiti cha mbele. Wewe ukapata kazi Uarabuni.

Cheti nilipewa. Pale pa kueleza tabia, naibu ameandika kwamba mimi si mwaminifu na nina matusi. Chuoni walikisoma wakaniuliza ilikuwaje. Nikashindwa kusema, nikalia, wakasema watanipigia simu. Hawajapiga. Na wewe kwenye kikundi cha familia unaandika, "Bosi, masomo yanaendaje?", na shangazi wote wanakuwekea vidole gumba.

Ninaifikiria ile rauta kuliko ninavyopenda. Ni plastiki tu, lakini likija jibu lisilo na aliyeuliza, hulitupa. Haiibebeshi simu iliyo karibu ati kwa sababu simu hiyo imenyamaza. Wewe ulijua hayo yote. Ndiwe uliyenifundisha.

Sijui kama nitakusamehe. Zamani nilidhani kusamehe ni kukaa kimya, na kukaa kimya nakuweza sana. Kwa hivyo nimeandika, maana kwenye karatasi sauti yangu hutoka. Mama bado hajui. Leo baada ya kukamua ng'ombe nitamsomea kwa Kipsigis, polepole, ili asije akaisikia kwanza kanisani.

Nakala moja nimempelekea naibu mwalimu mkuu, na jina langu na lako yamo. Ataisoma kabla yako. Sikukuomba ruhusa, kwa kuwa na wewe hukuniomba.

Kaa salama huko kwenye joto.

Ni mimi, dada yako, hata sasa,
Chelangat