Barafu ya Wifi, Chumvi Yangu

Jumatatu, 3 Machi

Mjukuu amerudi kwangu. Daktari kamwambia alale, miguu juu, hadi ajifungue. Wiki sita! Mtu wa kusimama jikoni kule hotelini tangu alfajiri, leo kalazwa kwenye kochi langu kama mzigo uliosahaulika. Tumbo limetangulia, mwenyewe yuko nyuma.

Analilia mochi. Nikamuuliza huyo ni mdudu gani. Kumbe ni aiskrimu ya Kijapani — donge la aiskrimu limevishwa vazi la unga wa mchele, laini, linavutika. Huwatengenezea wageni. Hataki uji, hataki matunda. Eti si yeye, ni mtoto anayetaka.

Basi atapata. Huyu ndiye aliyenifundisha herufi, mimi ambaye shule niliiona kwa nje tu. Akitaka mwezi nitaupika. Donge litanishinda?

Jumanne, 4 Machi

Donge limenishinda.

Unga wa mchele ninao, nimeusaga mwenyewe. Nikakoroga na maji na sukari, nikaupika kwa mvuke kama alivyosema. Ukatoka mgumu, umepasuka kama plasta ya ukuta wa bafuni. Kuukunja — ukavunjika. Mjukuu akacheka mpaka akashika tumbo. Nikamwambia cheka taratibu wewe, utanizalia hapa kwenye zulia!

Kumbe kuna mchele wake, wa kunata. Mbona hakusema? Anasema alisema. Inawezekana. Mtu akianza kunifundisha kupika, masikio yangu hutoka nje kutembea.

Kampigia simu mpishi mwenzake. Ataleta pakiti.

Alhamisi, 6 Machi

Unga umefika. Mweupe, unateleza vidoleni kama poda. Nikachanganya, nikafunika, mvuke. Kila mara nafunua, nakoroga. Mwanzo ulikuwa kama maziwa mazito. Halafu ukageuka! Unang'aa, unavutika, umeng'ang'ania mwiko kama mtoto asiyetaka kuachishwa ziwa. Mjukuu anapiga kelele kochini: wanga wa mahindi, Bibi! Mezani, mikononi, kila mahali! Nikanyunyiza mpaka nyusi zikawa nyeupe. Aa, zilikuwa nyeupe tangu zamani.

Nikausukuma, nikakata kwa mdomo wa glasi. Viduara kumi na viwili. Nimejisifu kwa sauti, hakuna wa kunizuia.

Shida ni aiskrimu. Friji langu linapoza tu, kugandisha limeshasahau. Mjukuu anasema ipo njia: maziwa na krimu ndani ya kopo lenye mfuniko, kopo ndani ya ndoo ya barafu, barafu itiwe chumvi nyingi, kopo lizungushwe mpaka yagande. Eti chumvi huifanya barafu iwe kali zaidi. Haya. Chumvi ninayo. Barafu je?

Akatazama dari. Na mimi nikaitazama. Huko juu tukasikia mtu anavuta kiti.

Ijumaa, 7 Machi

Sikwenda juu. Nimefua mapazia yasiyo na uchafu.

Wacha niandike, hakuna anayesoma. Huko juu anakaa wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu. Ana friza kubwa kama jeneza. Miaka miwili hatusemezani. Tukikutana ngazini, kila mtu anasoma ukuta. Msibani, mbele ya watu wote, alisema chumvi yangu ndiyo iliyommaliza kaka yake. Nikamwambia atoke kwangu. Akatoka.

Mzee alikuwa na presha. Daktari alikataza chumvi. Mwaka mzima nilimpikia chakula cha hospitali. Halafu ile miezi ya mwisho akanitazama juu ya sahani, akasema, mke wangu, chakula hiki kinanitia huzuni.

Nikamtilia. Kidogo. Kila siku kidogo.

Hilo hajui mtu. Daftari tu, nalo linalala kwenye droo ya miiko.

Jumamosi, 8 Machi

Mjukuu kaamka analia. Nikadhani uchungu umeanza. Mochi! Nikashika ndoo.

Ngazi kumi na nane. Nikagonga. Kafungua — kazeeka jamani! Na mimi kaniona hivyo hivyo, maana alitazama miguu yangu kwanza. Nikasema nataka barafu. Hata salamu sikutoa, mdomo wangu huu! Akauliza ya nini. Ya mjukuu. Mjukuu wetu? Nikamjibu, kwani yupo mwingine? Nikataka kueleza habari ya kopo, akanikata katikati kama kawaida yake, akachukua ndoo, akajaza, akashuka nayo. Mimi nyuma, mikono mitupu, kama mgeni kwenye nyumba yangu.

Tukakaa kwenye vigoda jikoni. Akauliza, chumvi iko wapi?

Mjukuu kule kochini akafumba macho.

Nikampa pakiti. Akamimina. Yote! Akasema, haya wifi, zungusha. Tukazungusha kwa zamu mpaka vidole vikafa ganzi. Anasema nazungusha kama fundi wa zege. Nikamwambia yeye aliolewa hajui kuchemsha maji. Akacheka! Meno ya bandia kayapata lini? Meupe kuliko ya ujana wake.

Na ikaganda. Kweli kabisa, imeganda! Tukafinyanga madonge upesi upesi, tukayazika kwenye kopo barafuni saa nzima, ndipo tukayavika vile viduara nilivyovifunga nailoni juzi. Mimi navuta vazi, yeye anabana chini. Mikono minne na hatukugongana hata mara moja. Kama tulivyokuwa tukipika zamani.

Tukampelekea mjukuu kochini, kala matatu. Kalala, wanga kidevuni.

Wifi alikaa kando yake, kashika lake, halili. Akasema polepole, wifi, yale maneno ya msibani yalikuwa ya uchungu. Nilitafuta wa kumlaumu. Chumvi gani, na wewe ulimpikia mwaka mzima chakula ambacho hata paka angekataa? Nilikusingizia. Nisamehe.

Halafu akatia donge zima mdomoni.

Nimekimbilia huku jikoni. Nimesema natafuta kitambaa. Naandika nimesimama, droo iko wazi, mkono bado una baridi. Niseme tu nimesamehe, yaishe? Angeshuka kila siku. Mtoto angezaliwa atukute tunacheka. Na anayeomba msamaha angekuwa yeye, miaka yote.

Namwona kwa upenyo wa mlango. Anatafuna. Mochi imeshika yale meno mapya, mashavu yamejaa, amenyanyua kidole kwamba ningoje, anakuja na neno jingine. Lakini hawezi! Ana dakika moja hivi ya kutafuna. Labda mbili. Habari ya ile chumvi ya kila siku kidogo inaenea humo.

Tangu niolewe sijawahi kumaliza kusema jambo mbele ya mwanamke huyu bila kukatwa.

Kitambaa kiko begani. Kilikuwa begani muda wote.

Haya —