Mama Anajua Niko Misani, Kumbe Nafanya Mazoezi ya Kukimbia hadi Muleba

Shangazi Verdiana, shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimekaa, maana miguu imegoma, na naomba uniokoe kabla mama hajanipeleka utawani kwa mikono yake mwenyewe.

Nina miaka ishirini na mmoja, nasoma ualimu mwaka wa pili hapa Bukoba, kwetu ni Kanazi. Mwezi wa pili lilibandikwa chuoni tangazo la mbio za Bukoba hadi Muleba, karibu kilomita sabini, na mwenzetu anayeitwa Mugisha, ambaye hukimbia kama anafukuzwa na nyuki, ndiye alikuwa akiandikisha majina, nami nikasogea kusoma tu, akaniambia mbele ya watu, "Elieth, wewe hata kantini unafika maharage yameisha," basi nikamnyang'anya kalamu nikajiandika. Siku ya kwanza ya mazoezi nilienda kwa miguu nikarudi kwa bodaboda. Lakini sikuacha, Shangazi, mwezi wa tatu nikaweza kilomita kumi bila kutembea, wa nne ishirini, na sasa nisipokimbia nakuwa mkali kwa watu.

Balaa lilianza alfajiri moja mama alipopiga simu nikiwa napanda kilima, akasikia ninavyohema, akauliza, "Uko wapi?" nami nikijua atasema nimeacha masomo nazurura barabarani, nikajibu, "Nawahi misa, mama." Akasema kwa sauti ya machozi, "Mwanangu, unakwenda misa kwa kukimbia?" Tangu hapo anapiga kila alfajiri, mimi nahema, yeye anafurahi. Amewatangazia kinamama wa jumuiya kwamba nina wito, na paroko amesema nikienda nyumbani nimwone.

Halafu wiki tatu zilizopita nilikimbia hadi karibu na kwetu nikakutana uso kwa uso na tata, yaani baba yangu, anasukuma baiskeli yenye gunia la kahawa. Akaitazama bukta, akazitazama raba, akasema, "Kumbe kanisa limehamia huku." Nikamweleza yote. Alicheka mpaka baiskeli ikamwangukia, akasema, "Mama yako usimwambie, hajawahi kuwa na furaha hivi." Sasa waongo tuko wawili.

Mbio ni Jumapili ya mwisho wa mwezi, njia inapita mbele ya kanisa letu la Kanazi, na kwa hesabu za Mugisha nitapita pale saa tatu, wakati watu wanatoka misa ya kwanza. Mugisha anasema nivae kofia niinamishe kichwa. Nijitoe, au nivae kofia?

Elieth, Bukoba

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, Elieth. Kwa miguu nakupa pole. Kwa hayo mengine hupati.

Kofia! Mama aliyekubeba mgongoni ashindwe kukutambua kwa sababu ya kofia? Atakujua kwa visigino tu. Na huyo mwenye hesabu umemtaja mara tatu katika barua inayomhusu mama yako. Nimeona, sisemi kitu.

Usijitoe. Miezi yote hiyo umeamka gizani na mvua yetu hii ya Bukoba, hiyo si kazi ya mvivu, na mama yako anastahili kujivunia kitu cha kweli. Nenda nyumbani Jumamosi hii, si ile ya kuamkia mbio. Tata yako akae pembeni yako, asijifanye ana kazi shambani, maana naye amekula utamu wa uongo huu. Sema yote kwa mara moja, usianze na kilomita, anza na "nilikudanganya". Akigomba, nyamaza. Kwa paroko nenda mwenyewe. Kisha punguza mazoezi, lala, kula ndizi zako, na siku ya mbio usivae raba mpya. Kwenye vilima tembea, hakuna atakayekucheka ila asiyekimbia.

*

Barua hiyo nilimjibu kwa simu kabla ya mbio. Elieth ameniruhusu kuichapa, pamoja na aliyoniandikia baadaye:

"Shangazi, nilisema. Mama aliendelea kumenya ndizi mpaka zikaisha, ndipo akauliza, 'Kilomita ngapi?' Nikamwambia. Akamgeukia tata: 'Nawe ulijua?' Tata alilala na njaa siku hiyo. Kwangu alisema tu, 'Ungeniambia, ningekuwa nakuamsha.'

Jumapili nilipofika kanisani, kinamama wote wa jumuiya walikuwa wamejipanga barabarani, wanapiga vigelegele, mama mbele na chupa ya maji. Nikalia huku nakimbia. Muleba niliingia saa kumi jioni, wa tatu kutoka mwisho, kwa miguu yangu.

Jana ndipo nimejua kwa nini walijipanga. Mama hakuwaambia ukweli, Shangazi. Amewaambia nakimbia kwa nadhiri, na kwamba mwakani nitarudia, nikiwa na paroko."