Mashine Imekataa Kuamka

Mdogo wangu mpenzi,

Pokea salamu za dada yako. Goti lako vipi, linakunjika sasa? Sisi miili mizima, roho ndizo zinaning'inia.

Kama nilivyokutangazia, na nitatangaza tena, binti yangu, mwanao, ameunda mashine ya kugawa namba za foleni kwenye zahanati. Kesho saa nne anaionyesha kwa wakuu, ikiwapendeza, ameajiriwa. Mtaa mzima nimeuambia. Fundi viatu siku hizi akiniona anajifanya amelala.

Basi tangu jana mashine haiamki. Nilimuuliza, akanieleza taratibu, maana mama yake ni wa darasa la saba lakini si mbumbumbu. Anasema ukiiwasha, kiini chake ndicho hufumbua macho kwanza, kisha hutafuta programu moja tu, namba moja, na kuianzisha. Hiyo ndiyo mama: huwaamsha wengine wote, na programu ikifiwa na mzazi wake, yeye huichukua akailea. Nikamwambia huyo namba moja namjua, ni mimi. Hakucheka. Kiini kikimkosa mama huyo, kioo huandika kwamba kimeingiwa na hofu, mashine ikaganda hapo hapo. Ndivyo ilivyo tangu jana.

Anadhani amekosea kuiandika hiyo programu mama. Chai yake imepoa mara tatu. Anasema ingekuwa imefutwa tu, angeirudisha kwa nusu saa, lakini nani aifute? Sasa anataka kuwapigia wakuu, kazi wampe mwingine.

Haya nisikilize, na shemeji usimsomee. Juzi nilitaka picha zake za kuhitimu zichapishwe kubwa, wageni wazione kabla hawajaketi. Mpiga picha alisema nimpelekee kwenye kadi, ile ndogo ya kuhifadhia mafaili. Nikachukua niliyoikuta mezani. Ilikuwa imejaa, nikafuta vifaili visivyo na picha, huku najisifu kwamba kompyuta nami naiweza. Picha zilipochapishwa nikazifuta, kadi nikairudisha. Kumbe ndiyo kadi ya mashine, programu zake zote zinakaa humo. Jana aliniuliza kama kuna aliyeigusa. Nikasema hapana kabla hajamaliza swali.

Namsikia chumbani anaulizia namba ya simu ya wakuu. Naacha kalamu, naenda kumgongea mlango.

Wabusu wanao. Niombee anifungulie.

Dada yako,
mama wa fundi, kama bado atanikubali